Nyota ya Shemeji Inayumba

Jumatatu, 3 Machi

Mkurugenzi wa jumba letu la sayansi ametangaza kwamba chumba kipya cha nyota kitafunguliwa Jumamosi. Kinahitaji msimamizi. Wagombea wawili: mimi, mchora vibao, na Shemeji, fundi umeme. Kila mmoja atengeneze mfano wa nyota moja ya mbali, inayofanana na jua letu, pamoja na sayari kubwa inayoizunguka. Mtaalamu wa nyota atakuja kuamua.

Shemeji ni kaka wa mke wangu. Mpole, nadhifu, kipenzi cha ukoo mzima. Mama mkwe akimtaja hutabasamu. Akinitaja mimi hukohoa.

Nilipofika nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba cheo nimeshapewa. Sijui kwa nini. Maneno yalitoka yenyewe. Akampigia simu mama yake papo hapo, na sasa mama mkwe anakuja Jumamosi kushuhudia.

Kwa hiyo lazima nishinde. Sina njia nyingine.

Jumanne, 4 Machi

Nimejenga sayari. Tuliambiwa kubwa, nami nimefanya kubwa: magazeti, gundi, vipande vya bomba, rangi ya machungwa yenye michirizi. Kufika upande wake wa pili lazima utembee. Nyota nimeifanya kwa mpira wa miguu niliopaka njano, maana gundi ilikuwa imeisha.

Mkurugenzi alipita akauliza kipi ni kipi. Nikamwonyesha. Akasema sayari hiyo ni kubwa ukiilinganisha na sayari nyingine, si na nyota yake. Mbele ya nyota yake ni kitu kidogo tu. Nikasema nilikuwa najua, hii ni rasimu.

Halafu tukagundua haipiti mlangoni.

Alhamisi, 6 Machi

Jana nimeshinda nikiikata sayari kwa msumeno. Imebaki nusu. Upande uliokatwa nimeugeuzia ukutani.

Leo nimechungulia kazi ya Shemeji. Roho imeniuma. Nyota yake ni globu nyeupe ya taa juu ya fimbo ya chuma, inawaka vizuri. Mkono mwembamba wa waya umeshika sayari, na mota ya feni kuukuu inauzungusha taratibu. Nyota imesimama wima, haitikisiki hata kidogo. Wala Shemeji hakujisifu. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Akauliza kama nahitaji msaada. Nikasema mambo yangu yako sawa, ila aniazime spana. Akaniazima.

Hapo ndipo akili yangu ilipoanza kufanya kazi.

Ijumaa, 7 Machi

Mchana Shemeji alitoka kununua chai. Nikaingia. Chini ya fimbo ile kuna nati moja tu inayoibana. Nikailegeza kwa spana yake mwenyewe, nikawasha mota nione. Nyota ikaanza kuyumba kila sayari ilipozunguka, kama mtu aliyebeba ndoo mkono mmoja. Raha tupu! Nikazima, nikaifunika kwa kitambaa kama alivyoiacha.

Shemeji akarudi na vikombe viwili. Kimoja changu. Chai ilikuwa na sukari ya kutosha, nikainywa yote.

Mke wangu amenipigia pasi shati jeupe.

Jumamosi, 8 Machi

Mama mkwe alifika mapema pamoja na mke wangu, akakaa kiti cha mbele, mkoba mapajani. Nikamwamkia. Akaitikia, akakohoa.

Mtaalamu ni mama mmoja wa makamo, hana haraka. Alianza kwangu. Aliitazama sayari yangu kwa muda, akauliza kama dari ilibomoka.

Tukahamia kwa Shemeji. Kitambaa kikavutwa, mota ikawashwa, nyota ikayumba. Shemeji akashtuka. Mimi nikatayarisha uso wa kusikitika.

Mtaalamu akavaa miwani, akasogea karibu. Akasema miaka yote hajaona mfano uliotengenezwa hivi. Kila fundi huisimamisha nyota imara kama mlingoti, kumbe nyota yenyewe huyumba, maana sayari nayo huivuta. Sayari ya mbali hivyo hatuioni, mwanga wa nyota unaimeza. Tunajua ipo kwa sababu nyota inayumba.

Watu wakapiga makofi.

Shemeji angenyamaza, mambo yangeishia hapo. Lakini hajui kunyamaza na ukweli. Akasema yeye alikuwa ameikaza, kuna mtu ameilegeza, sifa si zake. Mtaalamu akajibu kwamba basi aliyeilegeza ndiye anayestahili chumba.

Nikamtazama mama mkwe. Nikanyoosha mkono.

Mkurugenzi akauliza kwa nini niliigusa kazi ya mwenzangu. Nikasema, kwa ajili ya sayansi. Mtaalamu akafurahi sana, akaniomba niwaeleze wageni kwa maneno yangu mwenyewe: kitu gani kinaifanya nyota ile iyumbe?

Nikasema nati imelegea.

Walicheka mpaka nyuma kabisa. Mama mkwe hakucheka. Aliuliza, mbele ya watu wote, kama huyu si ndiye aliyekwisha kupewa cheo. Mke wangu akatazama sakafu. Hapo niliona aibu, aibu ya kweli, na sikujua mikono niiweke wapi.

Jumatatu, 10 Machi

Shemeji ndiye msimamizi. Nimesikia yeye ndiye aliyeniombea nisifukuzwe. Mimi ni msaidizi wake. Kazi yangu ni kuhakikisha kila asubuhi kwamba nati imelegea kiasi kilekile, ili wageni waone nyota ikiyumba. Amenikabidhi spana, akasema hakuna anayeijua nati ile kuliko mimi. Amesema kwa upole kabisa, wala hakuwa anatania.

Nyumbani mke wangu ananisemesha kuhusu chakula tu.

Lakini Jumatano Mtaalamu anarudi na wanafunzi wake wa chuo. Nimelifikiria jambo hili tangu asubuhi. Atawaahidi nyota inayoyumba. Je, wakiikuta imesimama wima? Msimamizi atajieleza vipi? Na nani atakuwa karibu, spana mkononi, tayari kuokoa jahazi?

Kesho kutwa asubuhi naikaza.

Nimempigia mama mkwe mwenyewe, bila kupitia kwa mtu. Nimemwambia aje Jumatano, kuna mabadiliko ya uongozi. Amekohoa, lakini anakuja.