Bima Mbili, Ngiri Moja

Jumatatu, 9 Juni

Bwana asifiwe, lakini sijalala. Jana baada ya ibada Mulwa, mwenyekiti wetu wa wanaume, alisimama akasema kila Mkristo ajiandikishe bima ya afya ya serikali, ati tajiri na maskini wachangie chungu kimoja. Kanisa lote: Amina! Hata mimi nilitaka kusema amina. Lakini mdomo ukakumbuka ni Mulwa anaongea, ukasema: Napinga! Bima ni ya kampuni! Sasa tumewekewa mjadala Jumapili ijayo, mimi na yeye, na waumini ndio waamuzi.

Shida ni moja. Mimi sina bima yoyote, na niko na ngiri. Wanaojua ni mke wangu Wayua na daktari, ambaye amesema ipasuliwe mwezi huu huu, kabla utumbo haujakwama. Wayua anasema ngiri haingojei mjadala. Huyo mama hajui siasa.

Jumatano, 11 Juni

Mpango! Nikijiunga na kampuni sasa, ngiri itatolewa na Mulwa atanyamaza. Mawe mawili, la, jiwe moja ndege wawili. Nimeenda kwa Loise, ajenti wa kampuni hapa Masii. Msichana mpole, anacheka na meno yote. Akauliza niko na ugonjwa wowote? Nikasema Mungu amenilinda. (Amenilinda kweli. Sikusema amenilinda na nini.)

Nilidhani tumemaliza. Kumbe mtu wa umri wangu lazima apimwe! Daktari wao akaniambia nilegeze mkanda, nisimame wima, nikohoe. Nikakohoa kidogo, kama mgeni mlangoni. Akasema nikohoe kama mwanamume. Nikakohoa. Ngiri ikatoka kumsalimia.

Loise hakukasirika. Kampuni itanichukua, akasema, ila hiyo ngiri itabidi ingoje mwaka mmoja. Nikamuuliza kama wameiuliza ngiri.

Alhamisi, 12 Juni

Nimeenda Kangundo, maana Masii wananijua. Nimevaa kofia ya marehemu baba mkwe. Kujiandikisha kwa serikali, kimyakimya, kama Nikodemo. Jumapili mdomo utapinga, mwili utakuwa upande ule mwingine.

Mchango nimelipa kwa simu. Kikabaki kidole, kisomwe alama na mashine. Nikaweka cha gumba, mashine ikakataa. Nikaweka cha shahada, ikakataa. Vyote kumi! Kijana wa mashine akageuza mikono yangu akauliza: Mzee, alama za hizi vidole zilienda wapi?

Zilienda kwa twiga. Miaka yote napiga msasa vinyago vya mbao. Twiga wamengʼaa, mimi nimefutika. Kijana akasema nisiguse msasa, nipake mafuta yale ya kukamulia ngʼombe, nirudi wiki ijayo.

Nimepaka nusu mkebe. Nimevaa soksi mikononi. Wayua amecheka mpaka ameshika mlango.

Jumapili, 15 Juni

Naandika kwa shida, na mtaona kwa nini.

Nilienda kanisani na soksi zangu. Waliouliza niliwaambia ni baridi ya Juni. Mulwa akaanza, kwa ule upole wake wa kuudhi: jirani akiugua, ni wewe unaugua. Kisha zamu yangu. Ndugu, nilishukiwa na Roho! Nikasema serikali ni kubwa mno kumjua mtu mdogo. Kampuni inakujua kwa jina, inakujua mpaka ndani (hapo nilikuwa na ushahidi). Nikapaza sauti: Serikali inamjua nani hapa? Inamjua Ndolo, mimi hapa?

Makofi! Vigelegele! Nilikuwa nimeshinda kabisa. Nikavuta pumzi nimalize, ngiri nayo ikatoka kusikiliza. Ikakataa kurudi.

Nilianguka kati ya viti. Mulwa akanibeba mgongoni mpaka kwa gari lake, mbio hadi hospitali. Na pale mapokezi Wayua, badala ya kunyamaza, akasema mbele yake: Huyu mume wangu ni wa serikali, amebakisha kidole tu.

Mulwa aliniangalia. Aiya, alivyoniangalia! Akanivua soksi. Akanipangusa mafuta kwa kitambaa chake cha kanisani, akashika gumba langu, akalibonyeza kwenye mashine akisema: Bwana, mtambue mtumishi wako. Taa ikawaka kijani! Wakati wananisukuma ndani nilimsikia akimnongʼoneza Wayua: kumbe inamjua.

Jumatano, 18 Juni

Nilipasuliwa usiku ule ule wa Jumapili. Mungu ni mwema. Daktari anasema ningechelewa kidogo, utumbo ungeoza. Nimelia. Nimeomba. Nimemwahidi Mungu kiburi kimekwisha, na nilikuwa namaanisha.

Leo Mulwa amekuja na chupa ya uji. Hajaniaibisha. Kanisani amesema tu kwamba Ndolo anaugua, aombewe. Akaketi, akaniambia amekuwa akiyatafakari maneno yangu. Ati nilisema kweli, kampuni nazo zina uzuri wake. Ati pengine atamwona Loise. Ati Jumapili atasimama aseme waziwazi kwamba Ndolo alishinda.

Yeye! Kampuni! Hao wanaoiambia ngiri ya mtu ingoje mwaka! Damu ilinipanda mpaka nyuzi zikavutana. Nikamwambia Mkristo wa kweli ni wa serikali, chungu kimoja, na kama yuko na maneno mengine tukutane mbele ya kanisa lote.

Muuguzi amenikemea nilale. Wayua ameapa hatanipeleka kanisani mwezi mzima. Sawa. Nimemtuma amuulize mchungaji kama mjadala unaweza kufanyiwa hapa wodini.