Mjomba Ametutoka

Jumatatu, 4 Machi

Nimeamua! Jumamosi Mwalimu wa masomo ya ziada anachagua msaidizi wa kusahihisha karatasi za Kiswahili. Hakuna kazi tamu kama hiyo. Unakaa chumba cha nyuma, wewe na kalamu nyekundu, hakuna wa kukusemesha. Nikiikosa, nitabaki duka la ushonaji la Mjomba nikipokea wateja mpaka nizeeke. Na wateja wanaongea! Wanakutazama machoni!

Tatizo: usaili ni wa tamathali za semi, nami shuleni nilikuwa nazichanganya kama soksi. (Hiyo ni tashbihi. Au sitiari? Nitaangalia.) Tatizo la pili: Kasuku, binti wa mama mdogo, anaitaka kazi hiyo hiyo. Fasili zote anazo kichwani. Ila anakariri tu. Mimi nitazitumia, kila siku moja, kwa watu walio hai.

Jumanne, 5 Machi

Tashbihi. Nimemwambia Shangazi gauni lake jipya limemkaa kama foronya kwenye mto. Nilikusudia kusifu: hakuna mkunjo hata mmoja! Akauliza nani kanifundisha adabu hiyo. Mama kanipa vyombo vyote nioshe, na sufuria iliyoungua juu.

Hata hivyo, "kama" ilikuwepo. Tashbihi safi. Mbele kwa mbele.

Jumatano, 6 Machi

Tasfida: kulisitiri jambo la aibu kwa maneno ya staha. Nafasi ilijileta yenyewe! Mjomba alikuwa kwenye cherehani, tumbo likamsokota, akakimbilia choo cha nyuma. Papo hapo akaingia mteja wa suti ya harusi, akauliza fundi yuko wapi. Nimtajie mtu mzima choo? Nikakumbuka mfano wa darasani, nikainamisha kichwa, nikanong'ona: "Mjomba ametutoka."

Mteja akakaa chini. Akauliza lini. Nikasema sasa hivi tu, ni tumbo. Akapiga yowe! Jirani muuza vitasa akafunga duka. Wanawake wa saluni wakaja mbio, vichwa vimesukwa nusu. Mmoja akalia kwamba marehemu alikuwa mtu mwema, japo mikono ya blauzi zake haikuwahi kulingana.

Mjomba akatokea na kopo mkononi, akauliza nani kafa. Mteja wa suti akaruka cherehani, akapotea.

Alhamisi, 7 Machi

Mjomba hakufoka. Alisema taratibu tu: "Umefanya kazi nzuri sana, mwanangu. Kesho umzike na mama yako pia, tumalize ukoo." Nikamshukuru, nikaahidi kujitahidi zaidi.

Kasuku, aliyekuja kuchukua sketi yake, alicheka mpaka akashika ukuta. "Dada wee, hicho ni kinaya! Mtu anasema hivi, anamaanisha kinyume!" Sikujua. Siku ya kinaya nilikuwa nyumbani na surua. Nimeandika kiganjani KINYUME, kwa kalamu ya Mjomba ya kutilia alama vitambaa. Wino wake hautoki upesi. Vizuri!

Jumamosi, 9 Machi

Usaili. Kasuku alitangulia, akamwaga fasili zote bila kupumua. Kisha mimi. Mwalimu akaomba mfano mmoja tu wa tasfida. Nikamsimulia ya Mjomba, yote, bila kupunguza. Alivua miwani, akafuta macho kwa muda mrefu. Halafu akasema kwa upole: "Binti yangu, kazi nimempa mdogo wako. Jumatatu usije. Wewe baki dukani, wateja hawatakusahau."

Kasuku akanipa pole mlangoni, mashavu yamemjaa kicheko. Nimelia njia nzima.

Nyumbani nikanawa uso. Nikaona kiganja. KINYUME! Maneno ya Mwalimu ndiyo yalikuwa swali la mwisho, la kinaya, na Kasuku mzima hakuligundua! Maskini. Jumatatu atapiga hodi bure.

Nimepiga sketi pasi. Kalamu nyekundu ninayo. Jumatatu nitakuwa mlangoni kabla Mwalimu hajafungua.

Jioni nimemuaga Mjomba. Akasema, huku akipiga mluzi, kwamba duka litakufa bila mimi. Nimelia tena. Kumbe ananipenda kiasi hicho!