Koti la Mlimani Limenirudisha Jandoni

Kitangari, Newala
Julai 1992

Kwa Mjomba Mujibu, huko Moshi.

Shikamoo Mjomba. Mimi mpwa wako Nurdini ni mzima, Mama mzima, kuku wamepungua na sababu utaiona humu.

Mzigo wa nguo za kupandia mlima umefika. Nashukuru kunitafutia kazi ya kubeba mizigo ya watalii. Lakini kwa heshima zote, Mjomba, nina malalamiko.

1. Uliagiza nizivae zote nitembee nazo, ili buti zizoee miguu. Nikavaa. Koti limejaa kama godoro, glavu, kofia ya sufu, miwani myeusi. Nikaenda hivyo kisimani, mchana wa jua. Wewe umekaa huko siku nyingi, umesahau kwamba mwezi huu vijana wanatoka jandoni, na anayewavisha nguo mpya kichwa mpaka mguu ni mjomba.

2. Mama Stamili aliponiona akapiga kigelegele. Wenzake wakaja, wakanimwagia unga kichwani. Nilitaka kueleza, ila unanijua, mbele ya kina mama mdomo wangu haufunguki. Nikarudishwa nyumbani kwa ngoma. Mama kalaumiwa kwamba alificha sherehe, ikabidi achinje kuku, na watu wakala wakaomba mchuzi tena.

3. Nina miaka ishirini na mbili. Jandoni ulinipeleka mwenyewe, ukanishika mabega. Leo watoto wananiuliza kama kidonda kimekauka.

4. Hili ndilo linaloniumiza. Nimeposa kwa kina Faidha, na jibu lilikuwa litoke wiki hii. Baba yake, Mzee Ashraf, kamwambia mshenga, "Binti yangu simpi mtoto aliyetoka jandoni juzi. Kwanza apone."

Kwa hiyo naomba uandike cheti kwamba nilishatahiriwa zamani, mwenyekiti wa kijiji akigonge mhuri, kisomwe msikitini. Ikishindikana, waambie watalii waje wapande huku. Siku hizi biashara ni huria, na kilima cha kisimani Mama anakipanda kila siku na ndoo kichwani, kavaa kanga tu, hajawahi kudai glavu. Hilo nalo likikataa, kazi mpe mwingine. Nguo nazirudisha na basi la keshokutwa, zote, hata soksi.

Wasalimie wa nyumbani, na wapagazi wenzako, na watalii wanaojua kuitikia. Mama anakusalimu, ila bado kanuna.

Ndimi mpwa wako, mtii lakini mwenye uchungu,
Nurdini

N.B. Nilikuwa nafunga bahasha, Mzee Ashraf akaingia. Alitaka kuziona kwa macho yake hizo nguo zinazosemwa. Akalijaribu koti, akafunga zipu mpaka kidevuni. Halafu akaniuliza, "Mjomba wako bado yuko huko huko?" Nikasema yuko. Akasema basi kijana ana watu, posa imepita. Akaondoka nalo. Cheti usiandike. Kazi naitaka sana, nakuja baada ya harusi. Ila koti jingine nilikute Moshi, usilitume huku, maana shemeji zangu wameanza kuulizia glavu.