Peremende Chini ya Tumbo la Nyambizi

...na bangili ya bibi ikiwa ndani ya nyambizi, jamani! Imezama nayo! Na shangazi yangu, badala ya kulia, anauliza tu saa ngapi!

Ngoja, nivute pumzi. Nianze na yule bwana.

Yule bwana alijiita Mkaguzi. Mkaguzi wa nini, hakuna aliyeuliza; mtu akivaa koti jeupe na kuning'iniza kadi shingoni, nani ana ubavu wa kuuliza? Wiki iliyopita alikuwa anajipitia zake kando ya lile bwawa la mtambo wa zamani wa maji, akaona watu wazima na akili zao wamechuchumaa ukingoni, rimoti mkononi, wanazamisha nyambizi za kuchezea zenye urefu wa mkono. Mmoja ana saa ya dhahabu. Mwingine, shangazi yangu fundi cherehani, ana bangili. Na maji yenyewe tope tupu, ukizamisha kidole hukioni tena. Mkaguzi akasimama. Moyo wake ukapiga magoti kushukuru.

Jumamosi akarudi na koti lake.

"Wazee wangu, mnacheza na hatari! Pampu ndiyo pafu la nyambizi. Ikivuta maji tangini, inazama. Ikiyatema, inaibuka. Sasa ikigoma kutema?"

Mzee Meno, daktari wa meno mstaafu, yule mwenye saa ya dhahabu, akajibu: "Inabaki chini."

"Inabaki chini, mzee wangu! Cheti cha usalama mnacho?"

Hakuna aliyekuwa nacho. Hawajawahi hata kukisikia, lakini ukiulizwa kwa sauti ile unajiona mhalifu kabisa.

Basi akaanza kukagua. Akaipindua nyambizi ya shangazi, akakuta waya mwekundu. "Huu ndio unaoiamuru pampu iteme maji rimoti ikizimika au kupotea? Mbovu huu, utaunguza pampu." Kacha! Akaukata. Halafu akaona chini ya tumbo peremende imebanwa na swichi ya springi.

"Na hii, mama?"

"Ya kikohozi, baba."

"Kwani nyambizi inakohoa?"

"Ikikaa sana kwenye maji, huwa inakohoa."

Akacheka mpaka kadi ikaruka shingoni. Akaiacha palepale.

Pampu, akasema, haipimwi tupu. Nyambizi itiwe kitu cha thamani ndani ili wote tuwe makini. Mzee Meno akavua saa. Shangazi akajipaka sabuni, akaivuta bangili ambayo bibi alimvisha kwa mkono wake wiki ya kufa kwake. Haijawahi kutoka, hata akiogelea. Mimi machozi yalinilenga. Nikamvuta gauni, akanikanyaga mguu.

"Ila hapa kwetu," akamwambia Mkaguzi, "anayeshika rimoti naye huweka chake. Ndiyo sheria ya chama, ili mkono usifanye uzembe."

Mkaguzi akababaika kidogo. Lakini si atarudi kuokota vyote? Akatia funguo za gari.

Nyambizi ya shangazi ikazama. Mkaguzi akaizima rimoti kwa kidole gumba, taratibu, kama anampapasa paka. Tukasubiri. Haikuibuka. Akavua kofia.

"Pampu imegoma. Niliwaambia! Na mtu asiingie majini, betri ikivuja inachoma ngozi. Kesho nitakuja na vifaa. Nendeni nyumbani, poleni sana."

Mzee Meno akaondoka amejishika kiwiko kama mfiwa. Shangazi akamwambia Mkaguzi kwa upole, "Ukipotewa na chochote, kwangu ni pale kwenye geti la kijani." Kisha akaniuliza saa ngapi.

Hatukwenda nyumbani. Tulizunguka mpaka kwenye matete, ambako mkondo wa bwawa hupeleka kila kitu. Shangazi akakaa chini, akanieleza: peremende ndiyo inayoizuia ile swichi. Ikiisha kuyeyuka, nusu saa hivi, springi inafyatuka na pampu inatema maji yote, rimoti iwepo isiwepo.

"Waya unaweza kukatwa na mjinga yeyote," akasema. "Sukari haijui kukataa maji."

"Na ulimjuaje?"

"Mkagua pampu gani ana kucha safi kama bwana harusi?"

Gluk, gluk, puu! Ikaibuka mbele ya magoti yetu. Bangili ikarudi mkononi, saa ikaenda kwa Mzee Meno, ambaye aliibusu mbele ya mkewe. Funguo zikatundikwa kwenye msumari wetu, juu ya cherehani.

Na Mkaguzi? Kwa muda wa saa tatu nzima alikuwa majini, suruali imekunjwa, anapapasa tope. Gari lake linamtazama tu.

Sasa sikia hii! Hodi ile, unaisikia? Namwona dirishani: koti si jeupe tena, na jani la tete sikioni. Anataka funguo, lakini ataziombaje bila kusema alikuwa anatafuta nini bwawani? Na shangazi, bila haraka, anajifunga kanga vizuri na kumwita Mzee Meno aje kusikiliza.

Ananiita nilete kiti na taulo. Niache niende, nisikose hata neno! Kesho asubuhi usinywe kwanza chai, utapaliwa. Nisubiri nije nikwambie alichojibu.