Masika Yuko kwa Nani?

Igawa, Usangu
19 Februari, 1979

Kwa Ndugu Katibu,
Kamati ya Misaada kwa Waliokimbia Vita,
Mbeya.

Ndugu Katibu,

Pokea salamu za Igawa. Sisi wazima, mvua imenyesha, na nyasi zimetushinda. Naandika kwa heshima zote, na pia kwa sababu nimechoka kuulizwa maswali na mke wangu. Mimi ni Maganga, mfugaji, niliyemtoa ng'ombe aitwaye Masika mwezi wa Desemba, lori lenu lilipopita hapa kukusanya michango ya wenzetu wa Kagera waliofukuzwa makwao na vita. Tangu siku ile sijapata habari zake hata kidogo. Malalamiko yangu ni haya:

1. Risiti. Nilipewa karatasi iliyoandikwa "Ng'ombe jike, 1." Basi! Ndugu Katibu, ng'ombe jike wamejaa dunia nzima. Masika ni mwekundu, ana baka jeupe begani, hakubali kukamuliwa na mtu asiyempigia mluzi, na ukisimama kushoto kwake atakurusha wewe na kibuyu chako. Yote haya nilimweleza dereva wenu, Yotamu, polepole, tukiwa tumesimama kando ya barabara. Alitikisa kichwa kama mtu anayeelewa, lakini sikumwona akiandika. Sasa maskini wa Mungu amenusurika mabomu, aje avunjwe mbavu na ng'ombe wangu kwa uzembe wa karani?

2. Sijaambiwa yuko kwa nani, na hili ndilo kubwa. Kwetu Usukumani, mwenye ng'ombe humkabidhi rafiki yake amfugie. Rafiki anakunywa maziwa, anatumia samadi, ndama akizaliwa anatoa taarifa, na mwenye ng'ombe akijisikia huenda kumwangalia mnyama wake na kula huko huko. Ng'ombe wako akilala katika zizi la mtu, mtu huyo amekuwa ndugu yako. Mimi nilipohamia huku mwaka wa njaa, nina mke, fimbo na sufuria moja, mzee Seni aliyetutangulia alinikabidhi ng'ombe. Hakunipa nyama. Mtu ukimpa nyama umemfanya mwombaji. Ukimkabidhi ng'ombe anabaki mwanamume mbele ya watoto wake. Kwa hiyo nilivyoelewa mimi, na sijaona popote mlipokanusha, Masika amekabidhiwa kwa familia moja iliyokimbia. Naomba jina la baba, jina la mama, na idadi ya watoto.

3. Mke wangu Helena alishauri tumtoe yule ajuza mwenye pembe moja. Nilikataa. Nitamkabidhije ndugu yangu ng'ombe mkavu? Nikamtoa anayejaza kibuyu kila asubuhi. Tangu hapo chai yangu ni ya rangi, na Helena kila akinimiminia husema, "Kunywa, baba Shija, maziwa yamekwenda vitani." Silalamikii chai. Nalalamikia kukosa la kumjibu.

4. Barua yenu ya shukrani. Imepigwa chapa: "Tumepokea mchango wako wa fedha/nafaka/nguo/vinginevyo." Mmekata maneno yote mkabakiza "vinginevyo." Masika ni vinginevyo! Sadrudin mwenye duka hapa Igawa, aliyetoa blanketi ishirini, alipata barua hiyo hiyo na ameitundika ukutani, anaitazama akipima sukari. Yeye ana haki ya kuridhika, blanketi halizai.

5. Mimba. Masika aliondoka na mimba ya miezi sita, nanyi hamkuuliza. Kwa hesabu zangu atazaa mwezi ujao. Akizaa jike, ndama ni wa familia ile. Nimeamua mwenyewe, na Helena ataambiwa baadaye. Lakini redioni nasikia majeshi yetu yanasonga mbele na kwamba watu watarudi makwao karibuni. Sipingi ushindi. Naomba tu kamati iwaeleze wakubwa wa jeshi kwamba kumtembeza ng'ombe mwenye ndama wa siku tatu si jambo la busara. Kama amani inaweza kusubiri hadi katikati ya Aprili, ndama awe amekaza miguu, tutashukuru sana. Kama haiwezi, basi watu wengine watangulie, na familia yangu ibaki nyuma kidogo.

6. Mwisho, nipandisheni katika lori lijalo. Siombi posho. Nitakaa juu ya magunia kutoka hapa hadi Makambako, hadi Iringa, hadi huko liendako. Desturi inanitaka nikamtembelee ndugu yangu na kula kwake. Najua naye hana kitu, kwa hiyo nitabeba unga na maharage mwenyewe, nitampa mkewe apike, halafu nitamsifu kwa ukarimu wake. Sioni tatizo liko wapi.

Nategemea jibu lenye majina. Wasalimie wote hapo ofisini, mlinzi wa getini, na yule dada wa taipu aliyekata yale maneno kwa mistari iliyonyooka sana. Helena naye anawasalimu, ingawa si kwa maneno haya.

Ndimi mwenzenu katika kuwasaidia wenzetu,
Maganga, mfugaji.

Baada ya kuandika:

Sina karatasi nyingine, kwa hiyo naendelea nyuma ya hii hii. Nilikuwa dukani kwa Sadrudin nanunua bahasha, nikamwona Yotamu ameegesha lori. Nikambana. Kumbe tangu Januari amekuwa akipita Igawa bila kusimama kwa kuogopa kukutana na mimi. Amesema walifika siku ya nane. Kambini palikuwa na watoto wapatao sabini, na kwa siku tatu hawakuwa wameonja kitu cha moto. Masika alichinjwa pale pale alipoteremshwa, na mimba yake.

Nimeumia, sikufichi. Nilikwenda nyumbani kumweleza Helena, nikitegemea atanicheka. Hakucheka. Aliuliza tu kama ilitosha. Nikarudi barabarani kumwuliza Yotamu. Haikutosha.

Basi Ndugu Katibu, futa yote, kuanzia la kwanza hadi la sita. Pale nilipoandika kwamba nyama humfanya mtu mwombaji, nilikuwa nimeshiba. Lori likipita Alhamisi lisimame hapa kwetu. Wapo wawili, wanono, Helena amewachagua mwenyewe.