Jiwe la Bi Zuweina

Wanaume wanne walikuwa wakilibeba sanduku kutoka gatini Wete, na nyuma yao alitembea Humoud bin Hashil, mwenye shamba kubwa la mikarafuu, akimweleza kila aliyepishana naye, bila kuulizwa, kwamba ndani mna jiko la mafuta ya taa lenye mioto mitatu na tanuri lake. Othman alikuwa amekaa kwa muuza kahawa. Akaweka kikombe chini. Mtu anayelitangaza jiko njiani, alijisemea, bado hana pa kuliweka.

Hapo ndipo Humoud alipoanza kuliwa, ingawa mwenyewe alidhani anahusudiwa. Wako watu katika dunia hii hawatulii mpaka waibiwe, na ukichelewa kuwaibia huja wenyewe kukuuliza kulikoni. Msimu ule karafuu zilikuwa zimezaa. Humoud aliwaambia wachumaji wake kwamba hazikuzaa, na akamwambia mkewe Bi Zuweina kwamba zimezaa sana. Bi Zuweina naye alikuwa na gazeti la Nairobi lenye picha ya mwanamke aliyesimama jikoni kwa viatu virefu, mbele ya meza ya jiwe, akiichekea sufuria. Bi Zuweina hakuwa amepika chochote tangu aolewe, lakini picha ile ilimkosesha usingizi.

Othman alikuwa mtu wa Unguja, mwembamba, mwenye koti jeupe na futi ya kupimia iliyochungulia mfukoni. Alijiita fundi wa majiko aliyefunzwa Bombay. Bombay alikuwa ameiona kwenye kasha la chai. Mali yake ya kweli ilikuwa moja tu: bamba la marumaru, jeupe lenye mishipa ya kijivu, urefu wa mkono wa mtu mzima, alilolifungua kwenye meza ya kunawia uso katika nyumba moja ya Unguja alikoitwa kutengeneza mlango. Alilifunga kwa blanketi na kulibeba kifuani kama mtoto mchanga. Kule Tanga lilimlisha mwaka mzima, Mombasa likamvisha. Maneno ya kuuza kila mtu anayo, lakini ukimwekea tajiri kiganja chake juu ya jiwe baridi wakati wa jua kali, mfuko hufunguka wenyewe.

"Sabalkheri, Bwana Humoud," alisema asubuhi ya pili, barazani. "Nimesikia una jiko. Nimehuzunika."

"Umehuzunika nini?"

"Jiko kama lile kuwekwa chini, kwenye vumbi, na mafiga! Ni kumvisha bwana harusi joho ukamketisha bandani."

Humoud akamwita mkewe, Bi Zuweina akaja na gazeti lake, na Othman akawapangia meza za ulimwengu mzima. Ipo ya bati, lakini hiyo ni ya hospitali. Ipo ya teraso, lakini siku hizi hata makarani wanayo. Ipo ya mbao, lakini mbao huvimba na mende huzaa. Alizitaja kwa huzuni, moja moja, mpaka zote zikafa. Kisha akafungua blanketi.

Bi Zuweina aliligusa jiwe kwa vidole viwili, halafu kwa kiganja, halafu, Mungu amsitiri, kwa shavu.

"Bei yake haigusiki," alisema Othman, "ila mengine kama hili yaliagizwa kwa jumba la mkubwa mmoja wa serikali, yakazidi. Yako mahali. Hayana mwenyewe. Mtu wa siri angeyapata kwa robo ya thamani."

Humoud akaangalia kulia na kushoto. Kununua kitu kizuri kulimpendeza. Kununua kitu kilichoibiwa kwa wakubwa kulimpendeza zaidi, maana alihesabu kwamba mwizi ni mwingine na faida ni yake. Arubuni ikatoka siku ile ile.

Fundi akapelekwa jikoni kupima. Jiko lilikuwa banda la uani, na ndani yake alikaa Mwanapili, mpishi wa nyumba ile kwa miaka ishirini, juu ya kibao cha mbuzi, akikuna nazi. Paa lilivuja juu ya kichwa chake msimu wa pili huo, na kila alipoomba makuti aliambiwa karafuu hazikuzaa. Othman akapima kuta, akaandika, akapima tena. Hakuuliza moshi unatokea wapi. Hakuuliza maji yanamwagwa wapi, wala mpishi hukaa ama husimama. Mwanapili akamtazama mpaka akamaliza.

"Fundi," alisema, "jiwe hilo tuachieni siku mbili. Kitu cha jikoni hakijulikani kwa macho. Nilikandie unga, nilikatie samaki, nione."

Othman akasita. Jiwe lile halikuwa limelala mbali naye tangu alipolipata. Lakini fundi gani anayeogopa jiwe lake kukandiwa unga? Meli yake ilikuwa Alhamisi na siku ile ilikuwa Jumamosi.

"Jaribuni, mama," akasema. "Jumanne nitalifuata."

Usiku haukuingia kabla Mwanapili hajaligeuza. Upande wa chini palikuwa na matundu manne ya skurubu, yenye kutu, na alama ya duara ya beseni.

"Bi Zuweina," aliita, "njoo ulione shavu lako lilipolala. Hapa watu walikuwa wakitemea maji ya mswaki."

Bi Zuweina alilia kwa hasira. Alililia jiwe, akaililia arubuni, akalililia gazeti. Halafu akanyamaza, akajifuta, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yake akafikiri.

"Arubuni ishaliwa," alisema. "Ataondoka nayo kwa meli ya Alhamisi, hatutamwona tena. Lakini jiwe lenyewe ni marumaru kweli?"

"Marumaru hasa."

"Basi na lisitoke."

Jumapili wakamwita Shaame mwashi, akalijengea kwa chokaa na mawe, kimo cha mtu aliyekaa kwenye kibao, kama Mwanapili alivyoagiza. Shaame akaonya kwamba chokaa haikamati kwa siku mbili. Likiguswa kabla ya Alhamisi litabanduka kama kigaga. Kwa hiyo kilichotakiwa sasa ni Othman asilione jiko mpaka Alhamisi.

Jumanne akaja. Bi Zuweina alimpokea mlangoni, kajitanda kanga mpaka puani.

"Jiwe limeazimwa, fundi. Kalichukua shangazi yangu, Bi Mwanawema wa Tumbe. Ana shughuli."

"Limeazimwa? Jiwe langu?"

"Kitu kikishaingia jikoni kina mwenyewe tena? Hata masufuria yangu sijui yako wapi."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomponza. Pemba sufuria huoa na kuolewa katika vijiji vitatu kabla ya kurudi kwao, na hakuna anayeona ajabu. Othman akasimama njiani akapima mambo. Arubuni anayo mfukoni. Angeweza kukaa kwa muuza kahawa siku mbili, akapanda meli, akaenda zake. Lakini bila lile jiwe angekuwa nani? Mtu mwenye koti jeupe. Akakodi baiskeli.

Sasa, msomaji, usidhani kwamba Bi Mwanawema wa Tumbe alikuwa amepangwa. Hakuwa amepata habari yoyote. Alikuwa akitia samaki chumvi, akashangaa kumwona mwanamume wa Unguja, anatoka jasho, anauliza jiwe.

"Bi Zuweina kasema liko kwako," alisema Othman. "Liko ama haliko?"

Mwaka ule wa hamsini na nane watu wa kisiwa kile walikuwa wamegawanyika kwa vyama hata wengine hawaamkiani, wala hawazikani. Lakini jambo moja halikuwa na chama. Mwanamke wa Pemba akisikia jina la ndugu yake linatajwa na mgeni kwa swali lenye ncha, humsitiri kwanza, mengine atauliza baadaye. Bi Mwanawema hakupepesa jicho.

"Lilikuwapo hapa, mwanangu. Jiwe zuri hilo! Jana kalichukua Mwatum wa Msuka, ana khitma. Ungewahi kidogo tu ungelikuta. Keti kitako ule."

Akala, kwa sababu kukataa kungechukua muda zaidi. Msuka alifika jua likizama. Mwatum alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, naye hakupata kuliona jiwe lolote ila mafiga yake.

"Kasema Bi Mwanawema liko kwangu?" aliuliza pole pole.

"Kasema."

"Basi lilikuwa kwangu. Bi Mwanawema si ntu wa uongo. Lakini limekwenda Kisiwa Panza, kwa mkwe wangu Mwanamize. Wana harusi kubwa."

"Kisiwa Panza!" Othman alipiga kelele. "Huko ni mwisho wa kusini! Hapa ni mwisho wa kaskazini! Jiwe zito vile limefikaje?"

"Ndiyo nasi tukastaajabu," alisema Mwatum.

Jumatano alfajiri alipanda lori la samaki, amekaa juu ya matenga, koti jeupe likabadilika rangi na harufu. Akapanda lori jingine. Akamlipa mwenye mtumbwi mara mbili, kwa kwenda na kwa kumngoja. Kila alipolipa alijiambia kwamba jiwe litalipa. Mwanamize wa Kisiwa Panza alikuwa kikongwe asiye na harusi wala mtu wa kumwoza. Alimsikiliza mpaka mwisho, akaona kwamba watu wawili wamekwishasema, na yeye si wa kuwatia aibu. Tatizo lake lilikuwa kwamba kusini mwa Kisiwa Panza hakuna tena wa kusingiziwa.

"Limesharudi kwa mwenyewe," alisema. "Jana. Mmepishana njiani."

Alhamisi alasiri Othman aliingia Wete kwa miguu. Meli ilikuwa imeng'oa nanga asubuhi. Arubuni ya Humoud ilikuwa imekwisha yote kwa baiskeli, malori na mtumbwi. Hakupiga hodi barazani. Alizunguka uani moja kwa moja, akasimama kwenye mlango wa jiko.

Jiwe lilikuwa palepale, limejengewa kando kando kwa chokaa nyeupe, na Mwanapili amekaa mbele yake anasukuma chapati.

"Hilo langu!" alisema.

"Lilikuwa," alisema Bi Zuweina. "Ulituuzia meza ya marumaru, ukapokea arubuni. Hii ndiyo meza. Ndogo, lakini tumeridhika. Hatukudai jingine."

"Nitakwenda polisi!"

"Nenda, mwanangu," alisema Mwanapili, bila kuacha kusukuma. "Wakikuuliza uliling'oa wapi, waambie matundu ya skurubu yako chini, wabomoe wayahesabu."

Humoud alikuwa amesimama nyuma kwa sababu ya kelele. Aliposikia neno polisi, yeye mnunuzi wa mali isiyo na mwenyewe, akakumbuka kwamba ana wageni, akaondoka haraka. Meza yake ya fahari ilikuwa imejengwa katika chumba ambacho mwanamume mwenye heshima haingii wala hamwingizi mgeni, na mpaka anakufa hakupata kuionyesha kwa mtu.

Othman aliketi kizingitini. Alitaka kulia, na hakuona haya. Mwanapili akampa chapati, akala.

Alikuwa anaitafuna ya pili walipoingia wanawake kuja kulitazama jiwe, kwani Wete nzima ilishapata habari. Mmoja wao alikuwa Bi Maryamu wa Chake Chake, mjane mwenye mashamba matatu na dhahabu mpaka viwikoni. Aliinama, akaweka kiganja chake juu ya jiwe, na Othman akauona uso ule anaoujua, uso wa mfuko unaofunguka.

"Kafanya nani kazi hii?" aliuliza Bi Maryamu. "Mie nataka la jiko zima, kuta hadi kuta."

Othman alisimama, akalinyoosha koti linalonuka papa. "Ni mimi, Bi mkubwa. Fundi Othman, wa Bombay."

Bi Maryamu alikuwa ameshika pembe ya kanga yake, penye fundo la fedha, na kidole kimeshaingia ndani ya fundo.

"Niletee basi kipande changu nikione. Nikishike."

Othman akafungua mikono miwili mitupu. Akaitazama, akamtazama Mwanapili, ambaye alimwaga unga juu ya marumaru na kuanza donge jingine.

"Sina," alisema.

Bi Maryamu akalikaza fundo lake kwa meno.