Malalamiko Kuhusu Vifo Vyangu Mia na Kumi na Vinne Darajani

Kwa Mafundi Waheshimiwa Mliotunga Mchezo wa Shujaa, Mazimwi na Makasha, huko Japani,

Natanguliza heshima, uchungu utafuata. Mimi ni fundi kufuli mwenye kibanda mkabala na posta, mwaka huu ni wa thelathini na moja. Mama watoto, aliyesafiri miezi miwili kumuuguza dada yake, aliniachia mchezo wenu wa zamani wa kuchezwa kwenye televisheni pamoja na ombi moja: nimvushe shujaa wake daraja la kwanza kabla hajarejea. Shujaa huyo amempa jina langu la utani, Kitasa. Anarejea Ijumaa. Katika ndoa yetu sijawahi kushindwa kutimiza ombi lake, wala sikusudii kuanza uzeeni.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Nimekufa mara mia na kumi na nne. Kila mara televisheni hutangaza kwamba Kitasa amefariki, ikapiga na muziki wa msiba. Jirani yetu mshona viatu, ambaye husikia yote kupitia ukutani, sasa hupita asubuhi kunipa pole. Mnyama wa darajani huniua kwa kofi moja. Mimi nina fimbo.

2. Naambiwa silaha zimo kijijini. Zimo, ndiyo, katika makasha sitini na mawili, ndani ya nyumba za watu. Sheria ya kwanza ya ufundi wetu ni kwamba kasha halifunguliwi pasipo mwenyewe kuwepo, kitambulisho mkononi. Nimebisha kila mlango nikasubiri kukaribishwa. Jumanne nilisubiri tangu chai ya asubuhi hadi adhuhuri. Shujaa alikuwa akihema tu, nami nikihema.

3. Yupo bikizee kando ya kinu cha upepo. Nilimwamkia, akanijibu kwamba mwaka huu upepo umezidi. Sikurudi tena, kwa kuwa mtu mzima hasumbuliwi. Adabu hiyo mchezo wenu haukuituza popote.

4. Kuna konokono anayenizidi nguvu. Hili silielezi zaidi.

Yaonekana basi kwamba kwenu uungwana ni kosa la jinai, na adhabu yake ni kifo. Kwa unyenyekevu naomba wenye makasha waitwe majumbani kwao wanitilie saini (nimeambatanisha fomu sitini na mbili), na mnyama ahamishiwe kituo kingine cha kazi. Ikishindikana, mwandikieni mke wangu cheti chenye muhuri kwamba daraja limefungwa kwa matengenezo.

Nisalimieni wafanyakazi wote, tangu mkuu wenu hadi aliyemchora konokono, ambaye simwekei kinyongo.

Ni mimi, ambaye subira yangu imebaki ya kupima kwa kijiko,
Fundi Kitasa

Nyongeza: Nikiwa natafuta stempu, nilijaribu kasha moja la kijijini mchezoni, nikague tu uimara wa kufuli. Halikuwa na kufuli. Kufikia magharibi nilikwisha kuyafungua yote. La bikizee lilikuwa na upanga, na mnyama akafa kwa pigo moja. Yafuteni malalamiko yangu yote, ila tambueni kwamba makasha ni machache mno. Mama watoto amefika. Alilitazama daraja, akautazama upanga. Kisha akanieleza taratibu kwamba bikizee yule humpa upanga huo bure yeyote anayerudi kumjulia hali. Nijulisheni upesi namna ya kulifunga tena kasha lile. Ameshaniuliza mara mbili niliupataje upanga, na fundi kufuli ni mimi.